Tunguu: Mwenye Nyumba Hakubishiwa Hodi



Wazee wa Unguja hawajakisahau kituo cha Wamarekani cha Tunguu. Vijana wengi wapitao njia ile hawana habari yake, na kwa hivyo twaona yatupasa kuikumbusha, kwani funzo lake halijapitwa.

Mnamo Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mradi wa Mercury. Nchi yetu ilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, na Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa bado halina wingi wa wajumbe wa kuchaguliwa; hilo lilikuja mwaka 1961. Raia waliletewa jambo lililokwisha kukatwa. Hizbu ikaongoza maandamano, na mitaani likaenea neno kwamba Tunguu pajengwa kituo cha makombora.

Twapenda kusema kweli: kombora halikuwako, wala hata rada. Palikuwa na mitambo ya simu ya upepo, ya kupokea habari za chombo na kusema na mwanaanga. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Tunguu ilipokea sauti yake baada ya Kano.

Je, raia walikosa kuogopa? Hasha! Aliyefichwa jambo ana haki ya kulidhania baya. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mfano u katika bahari yetu hii hii. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius. 1966 ikapatana na Marekani juu ya Diego Garcia. Na baina ya 1968 na 1973 wenyeji wakahamishwa wote, pakajengwa kituo cha kijeshi na kiwanja cha ndege. Nao hawakuulizwa.

Kituo cha Tunguu hakikudumu. Siku moja baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Wamarekani wake waliondoshwa kwa manowari Manley. Mwezi wa Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka mitambo ing'olewe, na kazi ikahamia Bukini. Tazameni: waliokipinga 1960 na waliokiondosha 1964 walikuwa mahasimu, lakini juu ya hili walikutana.

Leo ulinzi na mambo ya nchi za nje yamo katika mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo twataka kila mapatano yanayogusa ardhi, bahari au anga ya visiwa hivi yatangazwe kwa Kiswahili na kujadiliwa na Baraza la Wawakilishi kabla ya kutiwa saini, si baada yake. Hatumchukii mgeni. Twasema tu kwamba nyumba yenye mwenyewe hubishwa hodi, na mgeni hungoja kuambiwa karibu.