Uyoga Si Programu ya Kupakua



Rafiki yangu ameniomba nimwagizie uyoga wa silosaibini kwenye intaneti. Amesoma kuwa unatibu sonona, ile huzuni isiyobanduka. Nimekataa, na si kwa kuogopa sheria ya dawa za kulevya ya 1994 peke yake.

Utafiti upo. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 233 ambao dawa za kawaida hazikuwafaa. Baada ya wiki tatu, waliopewa miligramu 25 mara moja walikuwa na nafuu kuliko waliopewa miligramu 1. Lakini ile ilikuwa dawa ya maabara iliyopimwa. Wagonjwa walichunguzwa na kuandaliwa kwanza, wakakaa na wataalamu mpaka dawa ilipoisha nguvu, kisha wakazungumza nao.

Sisi wa kompyuta tunajua: programu inawaka kwenye mashine yangu, kwako inagoma. Mazingira si yale yale.

Wazee wetu wa Kidigo nao wanajua. Kwenye ngoma ya pepo yuko mganga, wako wapigaji, wako ndugu. Sisemi ngoma inatibu sonona. Nasema mgonjwa haachwi peke yake chumbani.

Nimemwambia twende hospitali, foleni nitakaa naye. Bado hajanijibu, na leo jioni nitapita kwake tena.

Je, mdau, wewe ungemwagizia?

Naomba kuwasilisha.