Stiki ya TV hotelini: beba ya kwako, usiweke akaunti yako kwenye TV ya watu

Huku Tukuyu mvua haijakata tangu asubuhi, wateja wa kuhesabu, nimekaa kwenye fremu nikasema leo niandike jambo ambalo nimekuwa nikiliahirisha. Linahusu sisi tunaotoka kwenda kufuata mzigo nje, iwe unavuka Kasumulu kwenda Malawi, unapita Tunduma kwenda Zambia, au umejikusanya mpaka umefika Dubai au Guangzhou.

Kuna mtu ataniuliza: stiki ya TV inahusiana nini na biashara ndogo? Inahusiana sana. Mimi imenigharimu dola 46, tena siyo kwa kuinunua. Ni kwa kutokuwa nayo.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda Dubai kuangalia vifaa vya simu, nikafikia hoteli moja pale Deira. Mchana kutwa unazunguka madukani, jioni miguu imevimba. Chumbani kuna TV janja kubwa, ina YouTube, ina programu za filamu, ila chaneli zote Kiarabu na Kihindi. Nikachukua rimoti, nikaingiza email na neno langu la siri kwenye ile TV ya hoteli, nikaangalia filamu mpaka usingizi ukanichukua. Siku tatu nikafanya hivyo hivyo. Siku ya kuondoka gari la uwanja wa ndege lilikuja mapema, nikafunga begi mbio mbio, nikatoka. TV nikaizima. Kuizima tu. Akaunti yangu ikabaki mle ndani.

Wiki mbili baadaye nipo hapa Tukuyu. Kwenye kadi yangu ya mtandaoni, ile ya kutengeneza kwenye simu, nina dola 408. Msambazaji wangu wa China ananidai malipo ya awali ya dola 400, na bei aliyonipa mwisho wake ni usiku ule. Nikabonyeza lipa, mtandao unazunguka, mvua inapiga, umeme ukakatika, simu nayo chaji imeisha. Nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi naamka nakuta ujumbe: malipo yamegoma, salio halitoshi. Halitoshi vipi? Nafungua taarifa ya kadi nakuta filamu tatu zimekodiwa, kila moja dola 4.99. Mgeni aliyelala kile chumba baada yangu alikuta mlango uko wazi, akaingia. Sidhani hata alijua anatumia hela ya mtu. Salio lilikuwa limebaki dola 393. Dola saba zikanikosesha bei, nikaja kulipa 46 zaidi kwa mzigo ule ule.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaobisha: mfanyabiashara mdogo anayesafiri nje zaidi ya siku nne tano, stiki yake mwenyewe ya TV ni kifaa cha kazi. Siyo anasa.

Najua jibu la haraka ni nini. "Si uangalie kwenye simu?" Ndugu yangu, ukiwa ugenini simu ndiyo ofisi yako. Ndo picha za bidhaa, ndo mawasiliano na mke au mume aliyebaki dukani, ndo hela zenyewe. Ukiitumia kuangalia filamu saa tatu kila usiku, asubuhi unaingia sokoni chaji nusu na bando limeisha. Wa pili atasema, "Tumeenda kutafuta mzigo, hatujaenda kuangalia TV." Kweli. Lakini wengi wetu tunajua jioni za ugenini zinaishia wapi mtu akikosa cha kufanya chumbani. Chupa mbili tatu za bia Dubai ni hela kuliko stiki yenyewe. Mimi naona mtu aliyetulia chumbani na mpira wake ameokoa mtaji.

Kwa asiyejua, stiki ni kidude cha ukubwa wa kiberiti au kidole, unakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, kinashika Wi-Fi, halafu programu zako zinafunguka kwenye kioo kikubwa. Chromecast ya Google ilitoka 2013, Fire TV Stick ya Amazon ikafuata 2014, na sasa ziko za makampuni mengi. Faida yake kubwa kwangu siyo picha. Faida ni kwamba akaunti yako inakaa kwenye kifaa chako. Ukiondoka unakichomoa, unakiweka mfukoni, hakuna kilichobaki kwa watu.

Lakini nisikudanganye kwamba unachomeka tu na mambo yanakubali. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuumia.

Kwanza, TV za hoteli nyingi zimefungwa. Hoteli inaweka mpangilio maalumu ambao unazuia kubadilisha chanzo cha picha, au rimoti yao haina kabisa kitufe cha kuchagua HDMI. Nyingine TV imebanwa ukutani, tundu hulifikii. Kebo fupi ya kurefusha HDMI inasaidia hilo la mwisho. Kuhusu kufungwa, uliza mapokezi kabla hujalipa chumba: "TV yenu naweza kuchomeka kifaa changu?" Wakikataa, usianze kuchokonoa waya za watu. Ukiharibu utalipa TV.

Pili, umeme wa stiki. Wengi wanachomeka waya wa stiki kwenye tundu la USB la TV, halafu inajizima kila dakika kumi wanasema ni mbovu. Matundu mengi ya USB kwenye TV hutoa nusu ampea, stiki nyingi zinataka ampea moja. Tumia chaja yake ukutani. Dubai na Malawi plagi ni ile ya miguu mitatu ya pembe nne kama ya kwetu. China siyo, kule miguu ni bapa, kwa hiyo nunua adapta kabla hujaondoka.

Tatu, Wi-Fi ya hoteli. Nyingi zinakufungulia ukurasa wa kuingiza namba ya chumba na jina. Fire Stick na stiki mpya za Google zina namna ya kuufungua ukurasa huo kwenye TV, Chromecast za zamani haziwezi. Na hata ukiingia, hoteli nyingi hutenganisha vifaa vya wageni visionane, hivyo simu yako haitaiona stiki yako hata kama zote ziko hewani. Ambapo hawajatenganisha ndo kuna kituko kingine: jirani wa chumba cha pili anaweza kuiona stiki yako kwenye simu yake na kukurushia video zake. Dawa ya yote mawili ni rauta ndogo ya safari, inashika Wi-Fi ya hoteli halafu inakutengenezea mtandao wako peke yako. Kama huna, washa hotspoti ya simu, ila hapo kumbuka unakula bando lako.

Na bando linaliwa kweli kweli. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili, GB 6. Kwa laini ya rominji unaweza kulia. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, shusha ubora mpaka chini, wanasema itakuwa kama GB 0.3 kwa saa. Kwa TV ya hoteli na macho yaliyochoka, tofauti utaizoea.

Nne, nchi na nchi. Hapa ndo watu wanapoteza hela. Usinunue stiki ukiwaza safari ya Guangzhou kama hujajua kwamba China imefunga YouTube, Google, Facebook, WhatsApp, na Netflix haitoi huduma kule. Stiki yako itakuwa kipande cha plastiki. Wengi hutegemea laini ya nyumbani iliyo kwenye rominji, kwa kuwa data zake kwa kawaida hupitia mtandao wa nyumbani, lakini kwa gharama ile itumie kwa WhatsApp ya kazi, filamu achana nazo. Ukienda China pakua filamu zako kwenye simu kabla hujapanda ndege, basi. Na usidhani waya wa kutoka simu kwenda HDMI utakubali kwa kila simu: simu nyingi za bei nafuu tundu lake la chaji halitoi picha. Jaribu nyumbani.

Dubai YouTube na Netflix zinafanya kazi, ingawa kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, meseji zinaenda. Vijana watakwambia weka VPN. Mimi nasema angalia sheria kwanza. Emirates wana sheria ya mwaka 2021 inayompiga mtu faini ya kuanzia dirham 500,000 akitumia VPN kufanya kosa au kulificha. Na hata kwetu, Oktoba 2023 TCRA walitangaza wanaotumia VPN wazisajili. Usihatarishe pasipoti na mtaji kwa ajili ya tamthilia.

Mpira nao uelewe: haki za kuonyesha zinauzwa kwa nchi. Ligi Kuu yetu iko Azam kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021. Kile unachokiona hapa Tukuyu si lazima ukione Lusaka kwa akaunti ile ile, na filamu zinabadilika hivyo hivyo ukivuka mpaka. Usije ukalipia kifurushi cha mwezi mzima kwa kudhani.

Sasa je, kila mtu anunue? Hapana. Kama unavuka Kasumulu unalala Karonga usiku mmoja unageuza na mzigo, achana nayo, lala. Kama mtaji wako haujafika hata safari moja kwa mwaka, hiyo hela ongezea kwenye bidhaa. Na ukinunua iliyotumika kuwa makini na za zamani sana. Google walitangaza 2024 kwamba wameacha kutengeneza Chromecast, na Machi 2025 zile za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima kwa siku kadhaa mpaka kampuni ilipotoa marekebisho. Kitu cha bei rahisi kisicho na mwenye kukitunza kitakuangusha siku unayokihitaji.

Lakini hata usiponunua, hili chukua bure: usiingize akaunti yako kwenye TV ya hoteli wala ya gesti, hapa nchini au nje. Kama umeshaingiza huko nyuma, usiku huu huu fungua akaunti zako kwenye simu, tafuta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa vyote usivyovitambua, badili neno la siri. Mimi nilifanya hivyo nikakuta TV mbili. Moja ya Dubai, nyingine ya gesti niliyolala mwaka juzi hata nilishaisahau. Na kadi unayolipia mzigo isiwe ndiyo kadi ya filamu. Tenganisha. Kadi za mtandaoni kutengeneza ni dakika chache, ya burudani iwe na hela ya burudani tu.

Neno la mwisho kwa wenye gesti wa hapa kwetu, kuanzia Kiwira, Tukuyu mpaka Kyela. Barabara hii inapitisha wafanyabiashara wa mpakani kila siku, na wageni wa Mlima Rungwe, Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Wengine wanakuja na stiki zao. Acheni tundu moja la HDMI lifikike, rimoti iwe na kitufe chake, na kila mgeni akiondoka anayesafisha chumba afute akaunti kwenye TV kama anavyobadili shuka. Haiwagharimu shilingi, na mgeni atarudi. Ila msichukue akaunti yako ya nyumbani ukaiweka vyumba vyote. Zile akaunti ni za matumizi binafsi, na kazi za wasanii zina sheria yake, COSOTA wapo.

Mgeni aliyekodi zile filamu tatu sina kinyongo naye. Mlango niliuacha wazi mimi. Nakuandikia ili wa kwako uufunge kabla salio halijapungua.

Wewe ukisafiri unafanyaje? Kama una njia bora kuliko yangu iandike hapa tujifunze wote, na mtumie mwenzako anayepanga safari.