Nyota mmoja hajazi uwanja

Desemba 2000, klabu ya besiboli ya Texas Rangers ya Marekani, iliyokuwa imeshika mkia katika kundi lake, ilimsajili Alex Rodriguez kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 252.

Mwaka 2001 mashabiki walioingia uwanjani walifikia milioni 2.8. Hata hivyo, safu ya warusha mpira ilibaki dhaifu na timu ikaburuza mkia misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2003, Rodriguez alipotwaa tuzo ya mchezaji bora, idadi ilishuka hadi takriban milioni 2.1.

Mwaka 2004, yeye akiwa amekwishahamia New York Yankees, Rangers ilishinda mechi 89 na mashabiki wakapanda hadi milioni 2.5.

Jina kubwa huvuta watu. Ushindi ndio huwarudisha.