Ukimkingia bosi kifua kwa kiapo, kesi inakuwa yako

SOKA likifika mahakamani, wengi wanawaza hongo, mikataba na madeni ya usajili. Lipo kosa jingine linalowanasa watu wa mpira kimyakimya: kuapa, kisha kudanganya.

Somo liko Marseille. Mei 20, 1993 iliifunga Valenciennes 1-0 kwenye Ligi ya Ufaransa. Siku 6 baadaye ikaichapa AC Milan 1-0, kona ya Abedi Pele, kichwa cha Basile Boli, ikabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Furaha haikudumu. Beki wa Valenciennes, Jacques Glassmann, alifichua kwamba wameahidiwa fedha ili walegeze. Polisi wakachimba bustani ya ndugu wa mchezaji mwenzake, Christophe Robert, wakakuta faranga 250,000.

Kocha wa Valenciennes, Boro Primorac, naye akadai bosi wa Marseille, Bernard Tapie, alimwita ofisini Paris Juni 17 na kumshawishi abebe msala. Tapie akaruka. Akajitokeza rafiki yake, waziri wa zamani Jacques Mellick, akasema muda huo yeye ndiye aliyekuwa na Tapie. Ushahidi ukaonyesha mchana ule Mellick alikuwa Béthune, mji aliokuwa meya wake, kama kilomita 200 kutoka Paris.

Tapie alifungwa kwa kupanga matokeo na kurubuni shahidi. Mellick, ambaye hakucheza wala kuhonga, akatiwa hatiani kwa ushahidi wa uongo.

Hapo ndipo penye mtego. Ufaransa mshtakiwa haapi, shahidi anaapa. Tapie alikiri kortini kuwa alidanganya, eti kwa nia njema, na uongo huo wenyewe haukuwa kosa la kiapo. Aliyemkingia kifua ndiye aliyelipa.

Utetezi upo wapi?

Kwanza, kukosea si kudanganya. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulijua unachosema si kweli. Kuchanganya tarehe ya mechi ya miaka mitatu nyuma hakukupeleki jela.

Pili, uongo lazima uguse jambo lenye uzito kwenye kesi. Tanzania na Kenya, ambako adhabu inafika miaka 7, neno la shahidi mmoja pekee halitoshi kukutia hatiani.

Tatu, kurudi nyuma mapema. Sheria ya Ufaransa inamsamehe adhabu shahidi anayefuta uongo wake kwa hiari kabla uamuzi haujatolewa. Akisubiri abanwe, amechelewa.

Klabu zetu zinapaswa kulijua hili, maana kesi zao nyingine zinaishia CAS. Kule shahidi anatakiwa kusema kweli kabla hajafungua mdomo, na anaonywa kuhusu adhabu ya ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo meneja akikuomba uthibitishe kikao ambacho hukuwepo, kumbuka: mkataba wake hautakufuata gerezani. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Kama hukuwepo, sema hukuwepo.