Fundi wa Taa Afundishwe, Asikatwe Mshahara



Ukumbi wa kiwanda ni mahali petu pa mikutano, ngoma na michezo ya kuigiza. Hapa Uganda tumeona kumbi zikiletewa taa za jukwaa zinazoongozwa kwa meza ya mitambo. Anayekabidhiwa meza hiyo ni mwenzetu wa idara ya umeme, bila kufundishwa hata siku moja.

Katika ukumbi mmoja taa zilianza kuwaka na kuzimika zenyewe katikati ya mchezo. Uongozi ukasema fundi ameharibu mali, ukataka kumkata mshahara. Sisi wa chama tulikataa, tukadai mitambo ikaguliwe kwanza. Ikaonekana waya ulionunuliwa ni wa maikrofoni, kwa sababu ulikuwa wa bei rahisi na plagi zake ziliingia.

Kuingia si kufaa. Taa hizo hupokea amri kwa lugha iitwayo DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986 na taasisi ya ufundi wa jukwaa, USITT, ili meza ya mtengenezaji mmoja iweze kuongoza taa za mwingine. Waya mmoja hubeba njia 512. Lakini lugha hiyo ina masharti. Waya uwe wa kazi hiyo. Upite taa hadi taa, usigawanywe matawi. Taa zisizidi 32 katika mstari mmoja. Na kwenye taa ya mwisho iwekwe rezista ya omu 120, ama sivyo ishara hurudi nyuma kama mwangwi na kuvuruga zote. Masharti hayo yameandikwa. Si siri ya mtu.

Liko jambo la hatari zaidi. Lugha hii haiwezi kutambua amri iliyoharibika njiani. Taa ikikosea, watu watacheka. Winchi inayoning'iniza mzigo juu ya vichwa vyao ikikosea, ni msiba. Kanuni yenyewe inaonya isitumiwe kwa mitambo ya hatari. Basi mfanyakazi akiamriwa kuunganisha winchi au fataki kwenye waya wa taa, akatae, na chama kimlinde.

Tunadai mambo matatu: waya unaofaa, mafunzo ndani ya saa za kazi, na ukaguzi kabla ya adhabu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakufundishwa.

Umoja ni nguvu!