Chupa ya kulainisha dizeli haitaokoa pampu ya lori Busia

Foleni ya malori ikirefuka mpakani Busia, mkia wake hurudi nyuma kuelekea huku Mundika, na madereva wakikaa muda mrefu hivyo mazungumzo huishia kwenye injini. Pampu ya nani imekufa, nozeli zimegharimu kiasi gani, na ile dawa ya kulainisha dizeli inayouzwa madukani inafanya kazi ama ni maji ya rangi. Wengi wao wamepakia Mombasa, kwa hivyo jambo hili ni letu watu wa Pwani pia.

Dawa yenyewe si uongo. Pampu nyingi za kisasa hazina oili ya kuzilainisha. Zinalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, tena kwa shinikizo ambalo kwenye injini mpya hupita bar 1,600. Tangu Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka dizeli isizidi salfa 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia chembechembe za asili zilizokuwa zikifanya chuma kiteleze juu ya chuma. Uswidi waliligundua hilo mapema, miaka ya 1990, pampu zilipoanza kusagika.

Jibu lilikuwa kuongeza kilainishi kabla mafuta hayajauzwa. Kinachohitajika ni kidogo mno, pengine kikombe kimoja cha chai kwa lita 1,000. Sisi Kenya hatusafishi tena mafuta ghafi, maana mtambo wa Changamwe ulisimama 2013. Dizeli hushuka Kipevu ikiwa tayari, hupita kwenye bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha malori huivusha Malaba na Busia.

Sasa kama mafuta hufika yakiwa yamelainishwa, pampu zinauawa na nini?

Mafuta ya taa. Ni mepesi kuliko dizeli na ni makavu. Ukiyachanganya unapunguza nguvu ya kile kilainishi kidogo kilichokuwamo, na unapunguza uzito wa mafuta yenyewe. Hapo ndipo chupa ya dukani inaposhindwa: inaweza kurudisha utelezi kiasi, lakini haiwezi kurudisha uzito. Na wale wanaomimina oili chafu ya injini kwenye tangi wanaziba nozeli zao wenyewe kwa masizi.

Serikali ilijaribu kuua biashara hiyo Septemba 2018 kwa kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiachane mno na ya dizeli. Faida ya kuchanganya ilipungua. Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mama wa Mikindani au Matayos anayepikia stovu, ambaye hajawahi kuharibu pampu ya mtu.

Kuna na ujanja wa pili, nao ni mkubwa huku mpakani: dizeli iliyoandikiwa Uganda au Kongo, isiyolipiwa kodi ya Kenya, kumwagwa hapa hapa. Huo ni wizi. Lakini kwa pampu ya lori haina madhara, maana ni dizeli safi. Makosa haya mawili huvuliwa kwa wavu mmoja. Epra hutegemea alama ya kikemikali inayotiwa kwenye mafuta ya taa na kwenye mafuta ya nje. Alama hiyo humnasa mkwepa kodi. Haipimi kama dizeli inalainisha.

Ndiyo maana naona mwenye lori amesahauliwa. Kipimo cha utelezi kipo: Ulaya, mkwaruzo unaobaki kwenye chuma cha majaribio haupaswi kuzidi mikromita 460. Epra wachukue sampuli kwenye vituo vya Eldoret hadi Malaba na Kisumu hadi Busia, wapime utelezi na uzito, kisha watoe majibu kituo kwa kituo. Kodi iliyokatwa kwa jina la kuzuia uchanganyaji inatosha kulipia kazi hiyo.

Hadi hapo, ndugu dereva, weka risiti ya kila tangi, na ukiona pampu imeanza kulia baada ya kujaza, chota dizeli kidogo kwenye chupa safi kabla hujajaza tena. Bila sampuli huna kesi.