Shamba Likiitwa Kiwanja

Mwaka 1981 mwongozaji wa Kijapani, Kichitarō Negishi, alitoa filamu iitwayo Enrai, yaani ngurumo ya mbali. Mhusika wake mkuu ni kijana anayelima nyanya katika kitalu nyumba pembezoni mwa mji, huku majengo ya makazi yakisimama juu ya ardhi ambayo familia yake yenyewe iliiuza. Niliitazama hapa Gisenyi, na badala ya Japani niliiona njia ya kwenda Rugerero.

Wanafunzi wangu, yapimeni maneno mawili: shamba na kiwanja. Udongo ni uleule mweusi wa volkano, uoteshao vitunguu, karoti na kabichi zinazovushwa mpaka kwenda Goma. Lakini siku mnunuzi anapoliita shamba kiwanja, bei hupanda, na mwenye nalo huanza kujiona mpumbavu kwa kuendelea kulima.

Rubavu ni mmoja wa miji sita ambayo serikali iliiteua ikue ili kuipunguzia Kigali mzigo. Shabaha ya taifa ni kwamba ifikapo mwaka 2050 asilimia 70 ya Wanyarwanda waishi mijini. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 27.9 tu. Shabaha hiyo siipingi. Nchi yenye watu 503 katika kilomita moja ya mraba haiwezi kumrithisha kila mtoto shamba. Ninachokipinga ni kuujenga mji juu ya udongo bora kwa sababu tu ni tambarare na uko karibu na barabara.

Wengi hudhani sheria ya fidia itawakinga. La hasha! Sheria hiyo ya 2015 yahusu ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma. Ajaye na fedha mkononi kutafuta pa kujenga nyumba yake hupatana na mwenye shamba wawili tu, na mmoja wao anadaiwa karo ya watoto.

Kwa hiyo mkulima hana budi kusema mapema, wakati ramani ya matumizi ya ardhi ingali ikijadiliwa. Mkutano wa wananchi hufuata umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fuataneni na wazazi wenu, mkaulize: mashamba yetu yamepangiwa kilimo au makazi, na ni nani aliyeulizwa?